Chura wa Mkoleni

Mwaka ule Zubeda binti Mwinyimadi aligombana na kila mtu, na kama mawingu yangeshuka chini kidogo angegombana nayo pia. Mvua ya vuli ilikwisha kunyesha, tena ilinyesha ya kutosha, mihogo ikachipua na kunde zikatambaa, lakini binti yake Mboni alikuwa bado ndani. Msichana mwenye akili zake, aliyemaliza darasa la saba akiwashinda hata watoto wa walimu, amekaa kwenye chumba kisicho na dirisha, asubuhi anasuguliwa liwa, jioni anasuguliwa liwa, anamngoja chura alie.

Ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa ukoo wao, watu wa kilima cha Gongoni, huku Chole ya Kisarawe. Msichana akivunja ungo huwekwa ndani, na hatolewi kwa kuhesabu siku. Hutolewa na chura. Kule juu kilimani, kwenye korongo lisilokauka, palikuwa na mti wa mkole, na kwenye majani yake, mvua ya vuli ikianza kukolea, chura mmoja mdogo wa kijani hupanda juu na kulia. Si chura wa dimbwini, yule anayejaza shavu na kupiga kelele usiku kucha kama mlevi. Huyu anaishi mitini, vidole vyake vina vifundo laini vya kunatia majani, na sauti yake ni kama mtu anayegonganisha vifuu viwili: ko, ko, ko, kisha anaivuta moja ndefu, kisha kimya.

Mjomba wa mwali ndiye mwenye kazi ya kwenda kumsikiliza. Akishamsikia hurudi, husimama mlangoni kwa mwali, hutamka mbele ya watu kwamba chura ameita, kisha humwigiza. Mwali hujibu kwa kugonga mlango kwa ndani. Hapo vigelegele hupasuka, mlango hufunguliwa, na mjomba humbeba mwali mabegani hadi chini ya mkole. Bi Biubwa, mama yake Zubeda, alitolewa hivyo. Zubeda mwenyewe alitolewa hivyo. Wala hakuna aliyewahi kunung'unika, maana chura hakuwahi kuchelewa. Mvua ikinyesha, siku mbili tatu, analia.

Sasa mvua imenyesha wee, na chura hajalia. Na sababu kila mtu aliijua, ila hakuna aliyeitaja, kwa kuwa sababu hiyo ilikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa Mwishehe, mwenyekiti wa kijiji, kaka yake Zubeda, mtoto wa kwanza wa Bi Biubwa, na mjomba wa Mboni.

Wakati wa operesheni ya vijiji watu wa Gongoni waliteremshwa wote, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Haya, wakateremka. Wakajenga. Zubeda hakuwa na kinyongo na kuishi pamoja. Shule ilikuwa karibu, na zahanati waliahidiwa. Lakini hawajakaa sawasawa, Mwishehe akaitisha mkutano, akasema kilima sasa hakina watu, basi kitakuwa shamba la kijiji. Msitu ufyekwe, ipandwe mihogo ya ujamaa. Watu wakapiga makofi, maana siku zile mtu asiyepiga makofi aliulizwa kwa nini. Wakapanda na mashoka. Mikongo na mivule iliyokuwapo kabla ya babu zao ikaangushwa, na kumbe mjini kulikuwa na tajiri wa mbao aliyeshakula njama na mwenyekiti. Malori yake yakaja mpaka chini ya kilima, yakapakia magogo, na ofisi ya kijiji ikaezekwa mabati mapya yanayong'aa. Hayo ndiyo yalikuwa maendeleo. Mihogo yenyewe ilipandwa mara moja, mvua ikaiteremsha na udongo wake hadi barabarani, na haikupandwa tena.

Kilichomuudhi Zubeda kuliko vyote ni ule mkole. Maana hawakuukata. Wanaume walipofika korongoni walisimama wakashauriana kwa heshima kubwa, wakasema huu ni mti wa wanawali, ni mti wa chura, huu usiguswe. Wakauzunguka kwa mashoka wakakata kila kilichokuwa kulia kwake na kushoto kwake na juu yake, wakauacha umesimama peke yake juani, kisha wakarudi nyumbani na dhamiri safi kabisa. Walidhani chura anakaa kwenye mti mmoja kama mtu anavyokaa kwenye nyumba. Hawakufikiria kwamba mkole ulikuwa kibaraza tu cha kulilia, na nyumba ilikuwa kile kivuli chote, ule ubichi, yale majani yaliyooza na maji yaliyokuwa yakitiririka chini yake. Hata wake zao waliowapelekea uji siku ile walisema alhamdulillah, mti wetu umesalimika.

Na si kwamba hawakuambiwa. Miaka ya nyuma aliwahi kuja bwana mmoja wa chuo kikuu, akapanda kilimani na vyupa vyake, akarudi anacheka kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto. Akasema chura huyu hapatikani ovyo, yuko kwenye misitu michache ya vilima na milima, na kila unapokatwa mmoja anapungua duniani. Zubeda alipomkumbusha kaka yake maneno hayo mkutanoni, Mwishehe alicheka mbele za watu.

"Kama ana milima mingine," alisema, "basi ahamie huko. Siye mbona tumehamishwa?"

Watu wakacheka. Zubeda alikaa chini, uso umemwiva kwa hasira, na tangu siku hiyo akawa hapiki chakula cha wageni wa ofisi.

Basi siku hiyo, Desemba ikielekea ukingoni, mwalimu mkuu Silvanus alifika nyumbani kwa Zubeda akiwa ameikokota baiskeli yake iliyopata pancha. Hakukaa hata kwenye kigoda alichopewa.

"Bi Zubeda, Mboni amechaguliwa," alisema. "Ni yeye peke yake katika kata nzima kwa upande wa wasichana. Anakwenda shule ya bweni, Kibaha. Inafunguliwa wiki ya kwanza ya Januari, na nafasi ya asiyefika anapewa mwingine. Hawangoji hawa."

Zubeda alishika nguzo ya nyumba. Ndani chumbani kulisikika mkeka ukichakacha, halafu kimya. Mboni alikuwa amesikia, na mwali haruhusiwi kupaza sauti hata kwa furaha.

Mwalimu hajafika barabarani, Zubeda alikwisha kuingia kwa mama yake. Bi Biubwa alikuwa anachambua mchele. Ndiye kungwi wa Mboni, ndiye mwenye ufunguo wa shauri zima, na alikuwa mwanamke ambaye hata marehemu mumewe alikuwa akibisha hodi kabla ya kumpinga.

"Shikamoo, mama. Mboni amechaguliwa. Naomba tumtoe."

"Marahaba. Chura amelia?"

"Mama, hakuna chura. Unajua hakuna chura."

"Basi hakuna kutoka." Hakuinua hata macho. "Mwali aliyetolewa bila kuitwa hana alikotoka na hana alikofika. Akiugua huko Kibaha utasema nini? Akikosa mtoto utasema nini? Miye sikuuweka utaratibu huu, nimeukuta."

"Na msitu uliukuta pia! Mbona msitu ulipokatwa hukusema kwamba umeukuta?"

Bi Biubwa aliacha kuchambua. Ilikuwa mara ya kwanza bintiye kumwambia hivyo, na kwa muda walitazamana tu, mama na mwana, wote wawili wakiwa na ule mdomo mmoja wa ukoo usiojua kuomba radhi. Halafu kizee akarudi kwenye ungo wake.

"Mjomba wake atakwenda kusikiliza," alisema. "Akisikia, anatoka hata leo."

Zubeda alitoka nje. Baba yake Mboni, Twalibu, mtu mpole, alikuwa amekaa nje anasuka kamba, akamwambia afadhali angoje. Katika ukoo wa mke wake neno la baba halikuwa na uzito mbele ya mjomba, na Twalibu alikuwa amekwisha kulizoea hilo. Lakini Zubeda alikwisha kusikia neno ngoja mpaka likamtoka puani. Mwanawe alikuwa amegeuka rangi kwa kukosa jua. Alisoma vitabu vyake vya zamani kwa mwanga wa ufa wa mlango, akikisogeza kitabu kadiri jua linavyosogea, na siku moja alimnong'oneza mama yake swali.

"Mama, kama wamemuua, mimi namngoja nani?"

Keshoye, baada ya kusali adhuhuri, Zubeda alichukua mtungi akapanda kilimani mwenyewe. Alisema anakwenda kuchota maji, na maji kweli hayakuwapo karibu, kwani vile vijito vya chini navyo vilikuwa vimekauka tangu msitu ulipoondoka. Alipita katikati ya visiki. Jua lilimpiga utosini mahali ambapo zamani mtu alitembea akisikia baridi hata mwezi wa pili. Korongo lilikuwa na tope jekundu na kijidimbwi kilichojaa viluwiluwi vya mbu. Mkole ulisimama pale, majani yamejikunja kwa ukavu ijapokuwa mvua ilinyesha juzi tu. Akakaa chini yake akasikiliza. Alisikiliza mpaka mgongo ukamuuma. Aliwasikia nzi, akamsikia mbuzi wa mtu, akasikia upepo unavyopita mahali pasipo na kitu cha kuuzuia.

Kule juu kabisa, kwenye chemchemi, kilikuwa kimebaki kipande cha msitu ambacho malori hayakuweza kukifikia. Kidogo, kama kiraka kwenye kanzu. Kama chura alikuwa hai popote katika kilima kile, alikuwa huko, na hakuwa na njia ya kivuli ya kushukia mkoleni. Zubeda alikitazama kile kiraka kwa muda mrefu, na hasira yake, ambayo siku zote ilikuwa ya kupayuka, ikatulia ndani yake ikawa nzito.

Alifika nyumbani alasiri, tope hadi magotini. Uwanja umejaa watu. Wanawake wamevaa kanga mpya, ngoma zimewashiwa moto wa makuti ili ngozi zikaze, na Bi Biubwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa mwali. Mwishehe alikuwa amesimama katikati, kofia kichwani, viatu vimepigwa rangi.

"Ndugu zangu," alikuwa anasema kwa ile sauti yake ya mikutanoni, "nimetoka kilimani sasa hivi. Nimemsikia. Chura ameita."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwishehe akainua mkono kuwanyamazisha, akakaza koo, akaigiza. Ko, ko, ko. Kisha ile ndefu. Na ukweli lazima usemwe: aliigiza vizuri mno. Alizaliwa chini ya sauti ile, aliilalia na kuiamkia utoto wake wote. Bi Biubwa aliweka upindo wa kanga machoni akalia waziwazi, na wanawake wa makamo wakashikana mikono, kwa sababu walikuwa hawajaisikia tangu wateremke.

Zubeda alisimama na mtungi wake kichwani. Alichokuwa akikitaka kilikuwa kimeletwa mpaka mlangoni. Akinyamaza tu, mlango unafunguliwa, mwanawe anatoka, wiki ijayo yuko Kibaha. Kunyamaza ni kazi gani? Hata yeye alikwisha kuanza kuutua mtungi ili apige kigelegele.

Lakini Mwishehe hakuwa amemaliza.

"Na wale waliokuwa wananisema vibaya," aliendelea, huku akimtupia dada yake jicho, "eti mwenyekiti ameua kilima, leo wamepata jibu. Chura yupo, mzima. Kwa hiyo wiki ijayo tunatengeneza njia ya lori, tunamalizia kile kipande cha kule juu. Haya, mwali na ajibu!"

Kumbe! Ndiyo maana ya viatu vilivyopigwa rangi. Mwanawe atolewe ili iwe ushahidi kwamba hakuna kilichoharibika, na furaha yake iwe ruhusa ya kumalizia kilichobaki. Mkono wa Mboni ukigonga mlango ule, utakuwa umelishusha na shoka kule juu.

Zubeda aliuweka mtungi chini, akapita katikati ya wanawake, akajibandika mlangoni kwa mgongo wake.

"Mboni, usigonge!" alisema. Kisha akamgeukia kaka yake. "Umemsikia wapi?"

"Mkoleni. Wapi kwingine?"

"Saa ngapi?"

"Dada, haya si mambo ya kuhojiana kama mahakamani. Nimemsikia alasiri hii."

"Mimi nimekaa chini ya mkole tangu adhuhuri. Tazama miguu yangu. Sikukuona wewe, wala sikumsikia yeye." Sauti yake ilikuwa inapanda na hakuizuia. "Unasema uongo, kaka! Umemuua, na sasa unavaa sauti yake kama nguo ya marehemu. Mwanangu nampenda kuliko roho yangu, na shule naitaka kuliko ninyi nyote hapa, lakini hatoki kwa uongo huu!"

Mtu mmoja akasema Zubeda amekosa adabu, mwingine akamwambia mwenzake anyamaze. Mwishehe alicheka kidogo, akatazama huku na huku akitafuta anayecheka naye, akakosa.

"Mama," alimwambia Bi Biubwa, "mwambie huyu aondoke mlangoni."

Bi Biubwa alifuta machozi taratibu. Aliinuka, akamsogelea mwanawe mpaka akawa anamtazama kutoka chini kama mtu anayetazama mnazi.

"Mwishehe. Miye ndiye niliyekuzaa. Chura amelia au hakulia?"

"Mama, mbele za watu…"

"Mbele za watu ndiko ulikosema amelia. Sema tena, ukiwa unanitazama."

Alijaribu. Kinywa kilifunguka, macho yakamkwepa, yakaenda kwenye mabati ya ofisi, yakarudi yakaishia kwenye viatu vyake.

"Hakulia," alisema. "Lakini mama, nilitaka mtoto asikose shule."

"Usimtumie mtoto kufunika ubaya wako!" Zubeda alimaka.

Bi Biubwa alimnyamazisha kwa kiganja. Hakuonekana tena kama kizee mkaidi wa jana. Alionekana kama mtu aliyeletewa habari ya msiba ambayo alikuwa anaijua na kuikataa.

"Nimemweka mjukuu wangu gizani," alisema, "nikidhani kuna mtu yuko njiani anakuja. Kumbe hakuna anayekuja. Zubeda, ondoka mlangoni. Safari hii nafungua miye."

Alifungua kwa mkono wake. Mboni alitokeza amejitanda kanga mpaka usoni, akapofushwa na mwanga, akajikwaa kizingitini, mama yake akamdaka. Hakuna aliyejua kama inafaa kupiga kigelegele, basi hakuna aliyepiga.

"Mjomba ambebe," Bi Biubwa aliamuru. "Mkoleni. Na ngoma zisilie."

Ikabidi ambebe. Kijiji kizima kilipanda kilimani kikimfuata mwenyekiti wake aliyebeba mwali mabegani, na siku zote msafara ule ulikwenda kwa nyimbo za matani mpaka wanaume wakaona haya, lakini leo zilisikika nyayo tu. Kila walipopita kisiki mtu alikigeukia, maana mwenye shoka alikikumbuka kisiki chake. Jua la jioni liliwachoma usoni. Mwishehe alihema, jasho likamshuka kidevuni, viatu vikazama topeni, na hakuna aliyejitolea kumpokea.

Walipofika, palikuwa hapana hata kivuli cha kumweka mwali. Mboni alijitandua kanga usoni. Aliutazama mkole, akautazama uwazi ulioko pande zote. Alikuwa anapaona kwa mara ya kwanza tangu pafyekwe.

"Mjomba, niteremshe," alisema.

Mwali hasemi akiwa mabegani, lakini hakuna aliyemkemea. Mwishehe alipiga goti, akamteremsha. Bi Biubwa akamshika mjukuu wake mkono, akamtamkia maneno ya kumtoa, mafupi, yale ya wanawake, akamaliza. Kisha akamgeukia mwanawe aliyekuwa bado amepiga goti.

"Mtoto amekwisha kungoja, na amengoja bila kosa lake. Sasa utangoja weye. Utakaa hapa, leo na kesho na kila jioni Mungu anayokupa, mpaka umsikie. Labda yupo mmoja kule juu, labda atashuka siku ukimrudishia njia. Na yeyote atakayepanda na shoka kwenda kule kwenye chemchemi, atapita mbele yako, na atapita mbele yangu."

"Mama, mimi ni mwenyekiti wa kijiji."

"Ndiyo. Basi kaa kwenye kiti chako." Akamwonyesha kisiki.

Wanawake ndio walioanza kuteremka, kisha wanaume, wale wenye mashoka wakiwa wa kwanza kuinamisha vichwa. Mboni alitembea kwa miguu yake, akiyaminyaminya macho kwa ukali wa jua, na tayari alikuwa anamwuliza mama yake kama kutoka Kibaha mtu anaweza kuja nyumbani likizo. Zubeda alimjibu anaweza, bila shaka anaweza. Bado alikuwa na hasira, na hakuona haya kuwa nayo. Hakuna aliyekuwa amefufuka, si chura wala msitu.

Alipofika chini ya kilima aligeuka mara moja. Mwishehe alikuwa amekaa juu ya kisiki, kofia mapajani, ameinamisha kichwa upande wa mkole, na kweli alikuwa anasikiliza.